Mzazi na Mtoto: Kupiga Kambi kwa Hiari Yetu

  Mwezi huu ukurasa wetu unaongelea jambo ambalo wengi wenu mtalicheka: mzazi na mtoto wake mkubwa kwenda kulala kwenye hema kando ya mto wa mlimani, tena kwa hiari yao, tena kwa nauli yao wenyewe.

Kucheka tunaelewa. Mama mmoja msomaji wetu, kijana wake alipomwambia "Mama, twende tupige kambi," alimjibu: "Papa, mimi nimetoka kambi juzi, na wewe unataka kunirudisha kambi?" Mama huyo ametupa ruhusa tuwasimulie habari yake, mradi tusitaje jina. Tutafika kwake.

Ni kweli, kwetu sisi neno kambi lina uzito. Tukisikia hema tunakumbuka turubai jeupe, foleni ya unga, na madumu ya maji yaliyopangwa tangu saa kumi ya usiku. Wageni hulipa pesa nyingi kulala kwenye hema chini ya mlima. Sisi tumelala kwenye hema bure miaka na miaka, na hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Lakini tofauti ipo. Kambi ya kukimbilia haina siku ya kurudi. Kambi ya hiari unaijua siku ya kwenda na siku ya kurudi, na ufunguo wa nyumba uko mfukoni.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Tuseme ukweli kuhusu namna tunavyoishi Kampala. Familia nyingi ziko kwenye muzigo, chumba kimoja, pazia katikati. Upande huu kitanda cha mzazi, upande ule godoro la watoto, sufuria chini ya meza, sigiri nje ya mlango. Mtoto aliyekuja amebebwa mgongoni sasa ana ndevu, na bado analala nyuma ya pazia lile lile. Mama anatoka asubuhi kuzungusha bitenge, kijana anatoka na bodaboda au kwenda saluni. Wanakutana saa tatu ya usiku, wote wamechoka, wadogo wako macho, na jirani wa ukutani anasikia hata kijiko kikianguka.

Katika hali hiyo tunaongea nini? Kodi ya nyumba, yaka imeisha, ada ya shule, nani ameshika chaja yangu. Maneno mazito yanangoja. Habari ya njia tuliyopita. Habari ya waliobaki. Nani ataenda wapi na nani atabaki na nani. Mwaka unaisha, mwingine unaanza, na maneno bado yanangoja.

Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hatulifikirii. Mtoto akishapita miaka 18 si jina tu kwenye karatasi ya familia. Anashika kitambulisho chake, anaitwa peke yake kwenye mahojiano, anajaza fomu yake mwenyewe. Atakachosema ni kile anachokijua. Asichokijua atakiziba kwa kukisia, kwa sababu fomu haipendi nafasi tupu.

MAMA NA KIJANA WAKE

Mama tuliyemtaja ni Munande aliyekuwa akifanya biashara Kamango, upande wa Kongo wa mlima Rwenzori. Tarehe 11 Julai 2013 wapiganaji wa ADF walishambulia Kamango, na kwa siku chache makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Bundibugyo. Wengi wetu tuliosoma kwenye kituo cha Bubukwanga mashairi ya njaa na mvua tunaijua safari hiyo. Baadaye walipelekwa Kyangwali, na mama huyu, kama wengine, akaja kutafuta maisha Kampala. Kijana wake alikuwa na miaka minane. Mdogo wake wa kike alikuwa mgongoni.

Leo kijana ana miaka ishirini na kitu, amemaliza sekondari, na anajaribu mpango wa WUSC ambao tangu mwaka 1978 huwapeleka wanafunzi wakimbizi kusoma Kanada. Mnaujua mpango huo: kijana anakwenda peke yake. Mama habebwi, wadogo hawabebwi. Ndani ya muzigo jambo hilo halikuongelewa hata siku moja. Mama alikuwa anaona fomu zikijazwa kwenye simu usiku, anageukia ukuta.

Kijana ana rafiki wa Kasese aliyemwambia kuhusu kijiji cha Ruboni, karibu na Nyakalengija, pale ambapo barabara inakwisha na njia ya kupanda Rwenzori inaanza. Mto Mubuku unashuka hapo kutoka juu kwenye barafu, maji meupe kwenye mawe makubwa. Alidunduliza pesa za bodaboda miezi mitatu. Wakapanda basi la Kasese, siku nzima barabarani, kisha taksi, kisha boda. Walikodisha mahema mawili madogo kwa wenyeji, wakayasimamisha jirani. Mama na kijana mtu mzima hawalali hema moja. Heshima ni heshima.

Usiku wa kwanza hakuna aliyelala. Kijana alidhani ni mvua kubwa, akachungulia mara mbili, akaona nyota. Ilikuwa sauti ya mto. Mama naye alikuwa macho, kila mmoja akifikiri mwenziwe amelala.

Asubuhi alipita mama mmoja wa kijijini na ndizi kichwani, akawasalimia kwa Lukonzo. Mama yetu akajibu kwa Kinande. Lugha hizo ni kama watoto wa tumbo moja. Wakaelewana, wakacheka, wakashikana mikono, na kwenye kuagana mama akasema "wasingya", yaani asante, kama vile yuko sokoni kwao. Kijana anasema miaka yote hiyo hajawahi kumwona mama yake akiongea na mtu asiyemjua katika Uganda bila kwanza kutafuta maneno. Kwake yeye mama alikuwa mtu wa maneno machache. Kumbe kwa lugha yake ni mchangamshi!

Mchana kijana mmoja wa kijijini anayeongoza wageni aliwaeleza mto huo unakwenda wapi. Mubuku unashuka mpaka Ziwa George. Kutoka hapo maji yanapita mfereji wa Kazinga na kuingia Ziwa Edward. Yanatoka tena Ishango, upande wa Kongo, yanaitwa Semuliki, yanazunguka nyuma ya mlima na kupokea mito inayoshuka upande wa Beni. Mbele kidogo yanapokea na Lamia, kisha yanakuwa mpaka wa nchi mbili hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo Nile. Mama akamwambia arudie. "Unasema maji haya yanakutana na Lamia?" Akajibiwa ndiyo, yanakutana.

Lamia ndio mto waliovuka mwaka 2013.

Jioni hiyo mama alianza mwenyewe. Baba alimbeba kijana mabegani, akamvusha, akamweka chini ng'ambo hii. Akamwambia mkewe: "Ningojeni kwenye mti ule, namrudia mama." Bibi alikuwa hawezi kutembea haraka, walimwacha kwa jirani saa chache tu. Baba akaingia majini tena. Waligoja usiku kucha na kesho yake mpaka jua likageuka, ndipo watu wote wakasogezwa kwenda Bubukwanga. Hakuja. Bibi pia hakuna habari yake. Mpaka leo.

Kijana alikuwa anakumbuka kitu kimoja tu: mgongo wa baba yake ukiingia kwenye maji. Mtoto wa miaka minane akiona mgongo wa baba unakwenda, atasema nini? Atasema ametuacha. Na ndivyo alivyoishi nalo miaka yote. Ndivyo hata alivyoandika kwenye ile fomu, pale wanapouliza habari ya wazazi: alituacha.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, papa? Mdogo wako analala hapo hapo, yeye anajua baba atakuja. Nikisema amekufa, sikumzika. Nikisema yuko hai, simuoni. Sasa nilikuwa niseme neno gani?"

Kijana akamwambia habari ya fomu. Mama hakugomba. Walikaa mpaka moto ukazimika.

Waliporudi Kampala kijana aliibadilisha ile sentensi kabla ya kutuma. Sasa imeandikwa kwamba baba alirudi kumchukua mama yake mzazi, na tangu Julai 2013 hatuna habari zake. Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili kwa Msalaba Mwekundu kuandikisha majina ya baba na bibi kwenye huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, ambayo haina malipo. Majibu hayajatoka, ya Msalaba Mwekundu wala ya Kanada. Tulipomuuliza mama, kijana akipata je? Alisema: "Aende. Nilichokuwa naogopa ni aende akiwa na hasira na baba yake."

Hatusemi mto ulitibu kitu. Mdogo wa kike bado hajaambiwa, na mama anasema hajui atamwambia lini. Tunachosema ni hiki: maneno yale yalihitaji mahali, na mahali penyewe hapakuwa ndani ya muzigo.

WAKATI HAUTUNGOJI

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Tunazijua familia zilizokuwa zimeuza vitanda na sufuria, zikabaki na mabegi mlangoni. Mwezi huo huo Goma ilianguka mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu, na ndugu wapya wakaja kulala kwenye vyumba vyetu. Sisi hatupangi sana safari zetu. Mara zinafungwa, mara zinafunguliwa ghafla na kumchukua mmoja tu. Kwa hiyo la kusema na mtoto mkubwa lisemwe akiwa bado karibu. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humfichua.

MTO WA MLIMANI SI BOMBA LA MTAANI

Sasa kwa wanaotaka kujaribu, sikilizeni vizuri. Mto wa mlimani ni mzuri na ni hatari. Mvua inanyesha juu, wewe chini uko kwenye jua, na maji yanakufikia bila hodi. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivamia Kilembe na mji wa Kasese, ukaua watu na kuharibu nyumba na madaraja. Mwanzoni mwa Mei 2020 ilifurika mito minne kwa mara moja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya, na wenyeji wengi wa Kasese, raia kabisa, wakaishi kwenye mahema Muhokya kama sisi. Kwa hiyo:

1. Chagueni miezi ya kiangazi: Juni mpaka Agosti mapema, au mwisho wa Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ni mvua, kaeni nyumbani.

2. Hema lisimame juu, si kwenye mchanga wala kwenye mawe ya duara. Mchanga na mawe hayo yameletwa na mto, maana yake mto hufika hapo. Tazameni na vichaka: mkiona majani makavu na takataka zimenasa kwenye matawi, maji yalifika urefu huo. Waulizeni wenyeji yalifika wapi mwaka 2020, mkae juu ya hapo.

3. Maji yakigeuka rangi ya udongo, yakianza kubeba vijiti, au sauti ikibadilika usiku, ondokeni hapo hapo kupanda juu. Acheni sufuria, acheni viatu. Sisi tunajua kuacha vitu.

4. Chemsheni maji ya kunywa hata kama yanaonekana safi kama kioo. Choo kiwe mbali na mto.

5. Msiingize sigiri ndani ya hema hata kukiwa na baridi kiasi gani. Moshi wa makaa huua watu wamelala. Chukueni blanketi, sweta, soksi na chandarua.

6. Msiogelee. Maji ni baridi sana, yana nguvu, na mawe yanateleza. Kuosha miguu kunatosha.

Kulala kijijini, nje ya hifadhi, ni nafuu. Kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori kunahitaji kibali, malipo na kiongozi wa njia. Bei hubadilika, pigeni simu kwanza. Na msione aibu kubeba posho, maharage na dagaa wenu kutoka nyumbani.

KARATASI NA USALAMA

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi. Kila mmoja abebe kitambulisho chake halisi, si picha ya kwenye simu. Wenzetu mnaoishi makambini, pitieni kwanza ofisi ya kamanda wa kambi mpate ruhusa ya safari. Na hata nyumbani kukionekana karibu namna gani, msivuke mpaka. Kuna watu wamevuka "kusalimia tu", wakaulizwa baadaye kama kweli wanaogopa kurudi.

Kasese iko mpakani. Juni 2023 watu wenye silaha waliua wanafunzi wengi katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe, na sisi wa Beni tunaijua mikono hiyo. Kabla ya kukata tiketi ulizeni hali kwa wenyeji na kwa ofisi ya hifadhi. Mkiambiwa si wakati mzuri, ahirisheni. Mlima hauhami.

NAMNA YA KUONGEA

Msifanye safari iwe mahakama. Mzazi aanze, kwa sababu mtoto wa kwetu hata awe na ndevu anaona haya kumuuliza mzazi. Neno moja zito kwa siku linatosha. Mtoto naye ana yake: labda ana mchumba, labda ana deni, labda amechoka kuwa baba wa wadogo zake. Msikilizeni mpaka amalize. Simu zizimwe.

Na kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema, hasa yale waliyotendewa mama zetu na dada zetu njiani. Asilazimishwe, hata na mtoto wake. Ikiwa kumbukumbu inamzidi mtu mpaka halali, Refugee Law Project pale Old Kampala wana washauri wanaosikiliza na kutunza siri.

Na asiye na nauli ya Kasese? Wengi wetu hatunayo. Basi chagueni Jumapili moja, mzazi mmoja na mtoto mmoja, wadogo waachwe kwa jirani. Nendeni Ggaba ufukweni asubuhi kabla ya kelele, mnunue chapati mbili, mkae mtazame ziwa. Hakuna mlima, lakini hakuna pazia pia. Saa tatu za wawili peke yao ni nyingi kuliko tulizopata mwaka mzima.

Wasomaji wapendwa, mwezi ujao tungependa kuchapa maneno yenu. Vijana: ni swali gani hamjawahi kumuuliza mzazi? Wazazi: ni habari gani mnaitunza mkingoja mtoto akue, na sasa amekua? Andikeni kwa lugha yoyote mnayoweza, bila majina, mkabidhi msambazaji wa jarida. Ukurasa huu ni wenu.

Mpaka mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani.